Kijiti cha Marsana: Maisha ya Marehemu Erlafridi mwana wa Ingomari

(Yamesemwa kaburini Marsana, kando ya mto Moseli, Jumatatu ya kuelekea sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwaka wa sita wa mfalme wetu. Msemaji ni Betto, shemeji wa marehemu. Padri Maurilio ameyaandika kama yalivyotamkwa.)

Bwana Liwali, Padri, dada yangu Teudila, mpwa wangu Rotlinda, na ninyi nyote mliovuka mto na matope yake: poleni, na karibuni. Nimepewa heshima ya kueleza maisha ya marehemu, na nimeipokea kwa furaha. Ndiyo, nimesema furaha, msinikodolee macho. Machozi yangu niliyamaliza Ijumaa na Jumamosi. Leo nina jambo kifuani, na limeninyima hata usingizi, lakini Padri amenionya nianze mwanzo kama watu wenye akili. Haya, naanza mwanzo.

Marehemu Erlafridi alizaliwa hapahapa Marsana, siku ya pili baada ya Epifania, mwaka wa kumi na moja wa babu yake mfalme wetu. Ni ule mwaka ambao Moseli iliganda mpaka watu wakavusha magari ya ng'ombe juu ya barafu. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Ingomari na Bibi Aldeguda. Kaka yake, marehemu Sigradi, alimtangulia kwa miaka minne. Bibi Aldeguda alikuwa akisimulia kwamba mkunga alipomwinua, mtoto hakulia, alipiga chafya. Ingomari akasema, "Huyu mpole, hatatusumbua." Maskini mzee wa watu! Hakujua amepata nini.

Alipofikisha miaka saba alipelekwa kwa watawa wa juu ya mto akajifunze kusoma. Alikaa majira mawili ya baridi tu. Kazi yake ya jioni ilikuwa kulisha nguruwe wa watawa, naye akaona uvivu kuwaita mmoja mmoja, basi akawazoesha kuja kula kila kengele ya sala inapolia. Watawa wakawa wakishuka kwenda kusali wanakuta nguruwe wamewahi mlangoni. Mkuu wa watawa akamrudisha kwa baba yake na maneno haya: "Mtoto ana akili, tena nyingi, ila zote ziko zizini." Ndipo akapelekwa kwa Liwali mzee, baba yake huyu bwana wetu aliyeketi hapa, akafunzwa farasi na mkuki. Ndevu zake za kwanza zilinyolewa na mkono wa Liwali mzee, kwa hiyo akawa mwana wa nyumba ile pia. Bwana Liwali, leo umemzika ndugu yako.

Alimtumikia mfalme miaka kumi na tisa. Kila masika jeshi lilipokusanyika, alikuwepo na ngao yake. Alipigana ng'ambo ya Raini, na huko Thuringia akachomwa mkuki wa nyonga, akarudi anachechemea. Wengi hapa mmewahi kumuuliza habari za vita ile. Alikuwa akijibu, "Kulikuwa na mvua." Basi, hadithi imekwisha. Lakini mtu akimuuliza habari za nguruwe, jua lilichwa hapo hapo. Msitu wetu wa mialoni ulikuwa umekatwa ovyo alipourithi. Aliutunza miaka thelathini, na leo nguruwe wa Marsana wananenepa kwa mbegu zake mpaka wanashindwa kupita mlangoni.

Dada yangu Teudila aliolewa naye mwaka wa pili wa mfalme aliyepita, Jumapili ya kwanza baada ya kuvunwa zabibu. Nilimwambia dada, "Huyo mtu anachechemea, tena ananuka nguruwe." Teudila akanijibu, "Wewe hunuki chochote kwa sababu hufanyi chochote." Asubuhi ya baada ya harusi, bwana harusi akaja mbele yetu na zawadi ya asubuhi kama ada yetu ilivyo. Alikuwa ameandaa pete ya dhahabu, nzito kwelikweli. Teudila akaigeuzageuza, akasema, "Nzuri. Lakini haisagi unga." Jamani! Bibi harusi! Mama yangu alitaka kuzimia. Erlafridi akacheka mpaka akashika nyonga yake, akamuuliza, "Unataka kinu?" Akasema, "Nataka kinu." Akampa kinu cha maji mbele yetu sote, na mpaka leo unga mnaokula bonde hili unatoka kwa dada yangu. Tangu asubuhi hiyo nilimpenda shemeji yangu, na tangu asubuhi hiyo hatukuacha kutaniana.

Mungu aliwapa watoto watano. Wanne wamelala hapa, upande wa kusini wa kanisa. Akabaki Rotlinda. Na Sigradi na mkewe walipofariki kwa homa, shemeji na dada yangu wakamchukua mtoto wao Wandalmari, akiwa na miaka minne, wakamlea. Yuko pale, amesimama nyuma ya farasi wake. Wandalmari, tunakuona, farasi si ukuta.

Teudila aliwalea wawili hawa kwa sheria moja. Mtoto akimaliza bakuli lake, anasimama, anamtazama mwenye nyumba, anashukuru. Asiyeshukuru leo, kesho hapati. Nimewahi kumwona Wandalmari, mtoto mdogo wa kufika magotini, amelala kwa usingizi mezani, akaamka ghafla, akasema asante kwa mbwa, akalala tena.

Sasa niseme sifa kubwa ya marehemu, na mtaona inatupeleka wapi. Kwetu mtu akishtakiwa barazani huleta wenzake kumi na wawili waape pamoja naye. Wengine hapa mnaapa kwa kikombe cha divai, nawajua kwa majina, leo sitawataja. Erlafridi hakuwahi kuapia jambo asilolijua. Miaka sita iliyopita Wandalmari alishtakiwa kwamba amechukua kengele ya nguruwe jike anayeongoza kundi la jirani. Ninyi mnajua uzito wa kosa hilo: kengele ikitoka shingoni, kundi zima linapotea msituni. Wandalmari akaja kwa marehemu. "Baba mdogo, njoo uniapie." Marehemu akamwambia, "Mwanangu, nimeiona hiyo kengele. Iko shingoni mwa nguruwe wako." "Kwa hiyo utaniacha niaibike?" "Hapana. Nitasimama karibu nawe wakati unaaibika." Na alisimama. Faini ililipwa, kengele ikarudishwa. Lakini Wandalmari alihama nyumba, na hakuketi tena kwenye meza ile.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Marehemu hakuwa na mtoto wa kiume hai, na kwa desturi yetu ardhi ya mtu kama huyo inakwenda kwa mwana wa kaka yake. Binti anapata nguo na shanga za mama. Sasa nani aliyekuwa akiamka alfajiri kupeleka nguruwe msituni mwaka ule wote marehemu alipolala kitandani kwa maumivu ya nyonga? Rotlinda. Nani alijenga upya boma baada ya mafuriko? Rotlinda. Wachumba watatu amewarudisha kwa kuwa kila mmoja aliuliza habari za shamba kabla ya kumuuliza hali. Na Wandalmari alikuwa ameshasema wazi sokoni Metz kwamba akiipata Marsana, mialoni yote inakatwa, iuzwe kwa wajenzi.

Basi mwaka jana, siku ya Mtakatifu Martino, Bwana Liwali alitundika ngao yake na baraza likafunguliwa. Mimi nimekaa zangu kwenye gogo, nakula tufaha. Namwona shemeji anakuja anachechemea, kijiti mkononi, akanitupia mapajani! Tufaha likanitoka. Akasema kwa sauti, "Marsana yote, nyumba, mashamba, msitu na nguruwe, naitia mikononi mwa Betto, ambaye si damu yangu, amshikie binti yangu Rotlinda."

Ni njia ya mababu zetu, wengi walikuwa wameisahau. Mtu baki anakaa katika nyumba kama mwenye nyumba. Anapokea wageni, wasipungue watatu, anawalisha uji mezani pake, na wao wanamshukuru mbele ya watu kwa kuwapokea. Kisha kabla mwaka haujaisha, barazani, anakitupa kijiti mapajani mwa yule aliyetajwa, na wageni wale wanaapa kwamba walikula. Mwaka ukipita, kijiti ni kuni.

Wandalmari aliruka. "Baba mdogo! Ardhi ya mababu unampa mwanamke?"

"Nampa aliyeilima. Wewe umeilima lini?"

"Haya!" akasema, akawageukia watu. "Atakayeonja uji wa Betto, mimi na yeye ni maadui mpaka kwa wajukuu!"

Naye ana vijana wenye farasi na mikuki, sikatai. Watu wakaogopa. Nikahamia nyumba ya shemeji, nikakaa kwenye kiti chake, na kila Jumapili nikapika uji mzito wa shayiri kwa mafuta ya nguruwe, mlango wazi, baridi yote inaingia. Hakuna aliyekuja! Watu walipita njiani wameshika pua wasisikie harufu. Marehemu alikaa karibu na moto akinicheka: "Shemeji, maisha yako yote umekula kwa watu. Mara hii ya kwanza unakaribisha, na hawaji!" Uji ule tuliula sisi wenyewe, wiki baada ya wiki, hadi mbwa wakaukinai. Mwezi wa Machi akaja Ursio wa ng'ambo ya mto, kwa sababu Ursio tayari ni adui wa kila mtu, hana cha kupoteza. Baada ya Pasaka akaja Padri Maurilio. Alikula mabakuli mawili. Liandike hilo, Padri. Haya, ameliandika. Lakini mtu wa tatu hakupatikana.

Tangu sikukuu ya Mtakatifu Yohana miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Wakati wa mavuno ikaja homa, na kikohozi cha kumkunja. Tulimpaka mafuta yaliyotoka kwenye taa inayowaka kaburini pa mtakatifu, akapata nafuu siku chache, akaomba apelekwe kuwaona nguruwe. Tukampeleka kwa gari la ng'ombe. Wale wanyama walimzunguka, mkubwa wao akaweka pua mguuni pake, na mimi nikajifanya naangalia gurudumu.

Jumatano iliyopita alinishika mkono. "Betto, wageni wamefika wangapi?"

"Wawili, shemeji."

"Na Mtakatifu Martino ni wiki ijayo."

"Usijisumbue na hesabu, pumzika."

"Nisikilize, mvivu wee. Mlango usifungwe. Hata nikifa, usifungwe."

Marehemu Erlafridi alifariki Ijumaa asubuhi, wakati wa kukamua ng'ombe, akiwa na miaka hamsini na minane. Rotlinda alikuwa ameshika miguu yake, akiipasha joto. Dada yangu alimfumba macho. Na mlango, kama alivyoagiza, ulikuwa wazi.

Adhuhuri mvua ikaja, ile ya pembeni inayoingia mpaka masikioni. Tumekaa na msiba wetu, mimi kitini, Padri na Ursio pembeni. Tukasikia farasi. Wandalmari! Nikashika gogo la kuni, nikajua huyu amekuja kupima ghala kabla maiti haijapoa. Kumbe amekuja peke yake, bila kijana hata mmoja, bila mkuki. Amelowa chapachapa. Alitupita wote, akapiga magoti kitandani, akaweka kichwa kifuani pa baba yake mdogo, akalia. Wandalmari, usione haya. Alilia kwa sauti, na mimi nikaliweka gogo chini.

Alipoinuka, Teudila naye aliinuka. Alichukua bakuli, akalijaza uji kutoka chunguni, akaliweka mezani mahali Wandalmari alipokuwa akikaa utotoni. Naye akakaa, akala. Alikuwa amepanda farasi tangu habari ilipomfikia, akala mpaka akapangusa bakuli kwa kidole. Kisha akasimama, akamtafuta mwenye nyumba kwa macho, na aliyekuwa kitini ni mimi. Akasema, "Asante, mjomba Betto. Umenipokea vizuri nyumbani mwako." Akatoka mvuani.

Padri akaniangalia. Ursio akaniangalia. Mimi, akili yangu mnaijua, inakuja na mkokoteni. Wandalmari ameshapanda farasi ndipo ikafika. Nikaruka! Msibani! Nikagonga kichwa kwenye boriti, nundu hii hapa, kila aliyekuja kutoa pole amenipa pole mara mbili.

Sasa nafika kwa waliobaki, na hapa, Bwana Liwali, naomba masikio yako. Ngao yako naiona imetundikwa kwenye mlango wa kanisa. Basi hapa ni baraza, si mazishi tu. Kijiti ninacho, hiki hapa. Nimekitoa kwenye mkanda.

Ursio, ulikula uji wangu? Anasema alikula, na chumvi ilikuwa haba. Kiapo ni kiapo. Padri? Anasema alikula. Mangapi, Padri? Mabakuli mawili. Vizuri.

Wandalmari mwana wa Sigradi, acha farasi, njoo mbele. Wapisheni.

Sikiliza, mwanangu. Sikukutegea. Hata mimi sikuwa na habari mpaka neno lilipokutoka, na ungekuwa umekumbuka kijiti, usingekula. Hakuna wa kukulazimisha. Sema hukula, au sema ulikula bila kushukuru, na hawa wawili hawatoshi. Mwaka unaisha wiki hii, na Marsana yote ni yako, pamoja na mialoni. Nadhani unajua hilo, nimeliona usoni mwako tangu ulipofika. Basi nakuuliza mbele ya Liwali na mbele ya huyu aliyelala hapa. Ulikula uji mezani pangu?

Tunangoja.

Dada, usimtazame. Mwache aseme mwenyewe.

Amesema: "Nilikula." Kwa sauti, baba, Liwali yuko mbali.

Amesema: "Nilikula, nikashukuru. Baba mdogo hakuniapia uongo. Na mimi sitaapa uongo juu ya kaburi lake."

Mungu wangu. Mungu wangu! Mmesikia? Liwali amesikia? Amesikia, anatikisa kichwa kukubali. Nipisheni, naomba kitambaa. Nilisema machozi nimeyamaliza, nilidanganya, lakini sikuwa nimeapa. Wandalmari, umefanana na mzee huyu leo, hata umesimama kama yeye, uzito wote mguu mmoja. Na mimi leo nitasimama karibu nawe.

Marehemu ameacha mjane, Teudila, mwenye kinu. Ameacha mwana wa kaka yake, ambaye pia ni mwanawe wa kulea, Wandalmari, na upanga wa Ingomari ni wake, kwa maana silaha hufuata wanaume wa ukoo na hakuna anayebisha. Ameacha shemeji mmoja, mvivu. Ameacha nguruwe wasiohesabika. Na ameacha binti.

Rotlinda, kaa kwenye kigoda. Kaa vizuri, tandaza nguo mapajani. Mbele ya baraza hili, Marsana yote niliyopewa nikushikie, nyumba, mashamba, msitu na nguruwe, narudisha kama nilivyopokea. Natupa.

Kimetua! Amekishika kwa mikono miwili. Pigeni vigelegele, jamani, marehemu hatakasirika!

Anataka kusema. Nyamazeni. Anasema, "Mjomba, leo jioni uhamie benchini. Kiti ni changu." Sawa, mama, nimekoma. Anasema tena: "Kaka Wandalmari, hujala tangu asubuhi. Uji uko mezani, mlango uko wazi. Njoo na vijana wako."

Mwanamume huyo anakwenda, mnamwona? Ameshika farasi kwa mkono mmoja, na binamu yake kwa mwingine.

Shemeji, wa tatu amefika. Sasa naweza kufunga mlango. Pumzika kwa amani, na asitokee wa kukuamsha kwa kesi.